MAPUMZIKO NA JAMAA: Safari ya Kuvua Bila Gari Huhesabiwa Kuanzia Kurudi

Ndugu msomaji, hivi karibuni askari mmoja, baba wa watoto wawili, alinisimamisha njiani akaniuliza swali ambalo niliona halifai kujibiwa kwa kusimama. Alisema, "Ndugu yangu, nimepata ruhusa ya siku mbili. Gari sina. Wanangu hula mukeke kila wapatapo, lakini hawajapata kuona samaki akitoka majini. Nitawapelekaje kuvua, nami Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niwe kwenye gwaride?"

Nilimwahidi kumjibu katika ukurasa huu, kwa sababu najua swali hilo si lake peke yake. Katika kambi zetu, katika nyumba za polisi, na katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza, Kamenge na Kanyosha, jamaa wengi hulitazama ziwa kila siku kama mtu atazamaye karamu ya jirani kupitia dirishani. Ziwa li karibu, lakini safari ya kuvua hudhaniwa kuwa ni ya wenye magari. Sivyo hata kidogo. Gari si sharti la safari hiyo. Sharti lake ni hesabu, na hesabu yenyewe haianzi pale ambapo wengi wetu huianzia.

Bahari yetu

Wenzetu wa Mombasa, Tanga na Unguja wakisikia neno uvuvi, fikira zao huenda kwenye maji ya chumvi. Sisi tulio Bujumbura tuko mbali na pwani hiyo kwa zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Lakini hatukunyimwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake cha mita 1,470 hulifanya kuwa la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi 4 hugawana maji hayo: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Sehemu yetu ni ndogo, kiasi cha asilimia 8 tu, lakini imefika mlangoni petu.

Tena, kina hicho chote hakikaliwi na samaki. Huku kwetu kaskazini, hewa iliyomo majini huishia kwenye kina cha mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawawezi kuishi. Kwa hiyo mvuvi wa mshipi asihuzunike kwa kukosa kamba ndefu. Samaki wako juu, na aina nyingi hukaa karibu na mawe ya ufukoni, mahali ambapo hata mtoto aweza kutupa ndoana.

Nilivyojifunza

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandaa somo, lakini hakikunifundisha kuandaa safari. Mashauri nitakayoyatoa hapa niliyapata kwa njia nyingine, na yanipasa kuieleza ingawa hainipendezi.

Mwaka 2023, katika ule uhaba wa mafuta uliotutesa, mimi na shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu ambaye ni askari, tuliondoka mjini Jumamosi alfajiri kwa basi la kusini. Tulikuwa na mishipi miwili, ndoo moja yenye kifuniko, na furaha tele. Mpango wetu wa kwenda ulikuwa kamili: tulijua basi la kwanza, tulijua nyumba ya kulala, hata jiwe la kukalia tulilijua. Kuhusu kurudi tulisema maneno mawili tu: "Mabasi yapo."

Jumamosi samaki walitukataa. Jumapili asubuhi vivyo hivyo. Tulikuwa tumepatana kuondoka saa 7 mchana. Ilipofika saa 7 kasorobo mshipi wangu ukavutwa kwa nguvu, na kuhe mmoja mnene akatoka majini. Shemeji alikuwa amekwisha kukunja mshipi wake. Mimi ndiye niliyesema, "Ngoja kidogo, shemeji, sasa wanakula." Akangoja, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Tukavua hadi saa 10, ndoo ikakaribia kujaa.

Tulipofika barabarani mabasi hayakuwapo. Yale machache yaliyopata mafuta siku hiyo yalipita yamejaa mpaka mlangoni. Saa 12 jioni giza likaanza kuingia. Shemeji hakunilaumu, ila nilimwona akitazama saa yake tena na tena. Gwaride lake lilikuwa saa 12 asubuhi.

Ndipo mtu mmoja akatuambia kwamba mwaloni kulikuwa na boti ya mizigo, imepakia ndizi na mawese, nayo ingeondoka usiku ule kwenda Bujumbura. Mzee tuliyelala kwake alitusihi tusipande. Alisema, "Wanangu, mwenye kuchelewa barabarani hulala. Mwenye kuchelewa ziwani, hajulikani alipolala." Tulimshukuru kwa adabu, tukapanda.

Hapakuwa na jaketi la kujiokolea hata moja. Taa ya chombo ilikuwa ni simu ya nahodha. Saa 5 usiku injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Upepo ukaigeuza boti ubavu, na mawimbi yakaanza kuingia. Nahodha akauliza ni nani mwenye chombo cha kuchotea maji. Shemeji alinitazama. Nikafungua kifuniko cha ndoo, nikawamwaga samaki wote ziwani, tukaanza kuchota maji na kuyamwaga nje, mimi na yeye kwa zamu, usiku kucha. Alikuwako mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikamwisha, na kimya chake kilinitisha kuliko kilio.

Alfajiri wavuvi wa ndagala waliokuwa wakirejea walituona, wakatufunga kamba, wakatuvuta hadi ufukoni. Wote tulitoka salama, yule mtoto pia. Kwa miguu na kwa kudandia gari la mizigo, tulifika mjini saa 4 asubuhi. Basi la kwanza la Jumatatu, lile tulilolidharau kwa kuliona la kuchelewa mno, lilikuwa limetutangulia.

Shemeji alikosa gwaride, akaadhibiwa, akaipokea adhabu yake bila kulitaja jina langu. Na nyumbani, mke wangu, ambaye usiku ule hakujua alipo mumewe wala alipo mdogo wake, hakusema neno. Aliichukua ndoo, akaifungua, akatazama ndani, akaiweka chini.

Nimeufikiri usiku ule mara nyingi. Kosa halikuwa la nahodha, wala halikuwa la mafuta. Kosa lilitendeka nchi kavu, jua likiwaka, saa 7 kasorobo mchana, kwa maneno yale ya "ngoja kidogo". Mwenye gari aweza kuyasema, maana saa yake ya kurudi imo mfukoni mwake pamoja na ufunguo. Asiye na gari hana ruhusa ya kuyasema. Saa yake ya kurudi imo mikononi mwa watu wengine, na akiipoteza, ziwa litamwita.

Hesabu ya kutoka mwisho

Basi, ndugu msomaji, chukua karatasi. Usiandike kwanza saa ya kuondoka. Juu kabisa andika saa unayotakiwa kuwa kazini, kisha shuka ukirudi nyuma.

Kwa yule ndugu aliyeniuliza, hesabu ni hii. Gwaride ni Jumatatu saa 12 asubuhi. Kwa hiyo Jumapili saa 12 jioni yeye na watoto wawe wamekwisha kuingia nyumbani. Tuseme anakwenda Rumonge, mji ulio zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Basi huenda kwa muda wa saa 2, pengine zaidi. Barabara hiyo hupita katikati ya mlima na ziwa. Mvua kubwa huiletea maporomoko ya udongo, na katika miaka hii ya karibuni ziwa lenyewe limepanda na kuingia katika maeneo mengi ya ufukoni, hasa mwaka 2024. Aongeze saa 1 ya akiba. Tena basi haliondoki mpaka lijae. Aongeze saa 1 na nusu ya kungoja kituoni. Kuosha samaki, kufunga mizigo, kuaga wenyeji na kutembea na watoto hadi kituoni ni saa 1 na nusu nyingine. Jumla ni saa 6. Maana yake Jumapili saa 6 kamili mchana mshipi unakunjwa, hata kama samaki wanagombania chambo.

Asiyependa kukunja saa 6 achague mahali pa karibu. Kwa safari ya siku moja, Kabezi yatosha. Kwa siku mbili, zipo Gitaza, Magara, Minago na Rumonge yenyewe. Nyanza-Lac, iliyo zaidi ya kilomita 120 kutoka mjini, ni nzuri, lakini iachiwe mwenye ruhusa ya siku tatu au zaidi. Safari fupi iliyokamilika yafaa kuliko ndefu iliyokatika njiani.

Kabla ya kufika Kabezi, karibu na mto Mugere, liko lile jiwe la Livingstone na Stanley, nanyi mkiwa na nafasi waonyesheni watoto. Watu hao wawili walikutana Ujiji mwezi wa Novemba 1871, kisha wakaja kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakakaa mahali hapo tangu tarehe 25 hadi 27 Novemba. Walitaka kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia, wakaona kwa macho yao kwamba huingia. Nao pia hawakuwa na gari. Walichukuliwa na wapiga makasia waliolijua ziwa.

Mafungu matatu ya fedha

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo sitataja faranga. Nitataja mafungu. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda, na la pili ni chakula, malazi na chambo. Fungu la tatu ni nauli ya kurudi, nalo liwe mara mbili ya lile la kwanza, kwa kuwa siku ya uhaba nauli haiulizi mfuko wako. Fungu hili apewe mama watoto alifunge katika pindo la kitenge chake. Asiye na mke alitie katika bahasha na kuandika juu yake neno "Nyumbani". Fedha ya kurudi hainunui soda, haikodi mtumbwi, wala hainunui ndagala wa bei nafuu. Wakati wa kuhesabu, mhesabuni pia yule mtoto anayepakatwa; njiani huweza kudaiwa kiti.

Mwezi na upepo

Sasa tuchague siku. Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Usiku ndagala hupanda juu wakifuata vidudu vidogo vya majini, nao mukeke huwafuata ndagala. Taa huwakusanya, wavu huwainua. Lakini mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutapakaa juu ya ziwa zima, na taa ya mvuvi huwa haina nguvu tena. Ndipo wavuvi hupumzika siku kadhaa wakishona nyavu zao.

Kwa hiyo anayetaka watoto wake waone zile taa zilizotanda juu ya maji kama mji mwingine, na alfajiri anunue ndagala wabichi, aende katika siku za giza. Anayekwenda wakati wa mbalamwezi atakuta mwalo umetulia na ndagala ni adimu, ila atawapata wavuvi wenye nafasi ya kumfundisha kufunga ndoana. Zote mbili ni safari njema, mradi ujue unaiendea ipi.

Kuhusu upepo, kiangazi cha Mei hadi Septemba huleta upepo wa kusini, na mawimbi huwa makubwa. Wakati wa mvua hatari ni dhoruba za ghafla na radi, hasa baada ya adhuhuri. Sikiliza redioni utabiri wa IGEBU usiku wa kuamkia safari. Ukifika, mwulize mvuvi mzee, na akisema leo ziwa halifai, usimwulize mara ya pili ukitumaini atabadili maneno.

Liko pia jambo la kufungwa kwa ziwa. Nchi 4 za Tanganyika zina Mamlaka ya pamoja yenye makao yake hapa Bujumbura, nazo zimekubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wazaane. Tanzania ilifunga upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Yeyote anayetaka kusafiri katika miezi hiyo aulize kwanza kwa wakuu wa mwalo kama uvuvi umeruhusiwa, wa namna gani, na kwa kibali kipi. Askari anayelinda sheria barabarani hawezi kuivunja majini.

Mzigo wa mtu wa basi

Mwenye gari hubeba nyumba nzima. Sisi tutabeba ndoo. Ichague ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa ndiyo sanduku wakati wa kwenda na ndiyo ghala wakati wa kurudi. Ndani yake tia mishipi ya nailoni iliyozungushiwa kwenye vipande vya ubao, ndoana za ukubwa wa namna mbili ndani ya kopo, chubwi za risasi (nasema madini, ndugu askari, si zile za bunduki), kisu kilichofungwa kwa kitambaa, chumvi ya kutosha, sabuni, na tochi. Ufito usiubebe kutoka mjini, maana ndani ya basi hutoboa macho ya watu. Mwanzi hupatikana huko huko.

Chambo si ghali. Ngege hupenda minyoo, na donge la ugali pia humdanganya. Kambare hufuata minyoo na vipande vya samaki. Kuhe na sangala ni walaji wa samaki wenzao, kwa hiyo ndagala mmoja mzima kwenye ndoana huwavuta. Chandarua cha mbu kisivuliwe samaki kamwe. Hukomba vifaranga wote, na mwakani wewe na mwanao mtarudi kuvua maji matupu. Samaki mchanga aliyenaswa kwa ndoana arudishwe taratibu, na mtoto ndiye apewe kazi hiyo; ataikumbuka.

Ndugu askari, nguo za kazi ziache nyumbani. Mwaloni wewe ni mgeni kama wageni wengine. Ukipewa nafasi juu ya mtumbwi, lipa. Ukipewa samaki, lipa. Mvuvi akitoa samaki kwa kuogopa kofia, hatakuambia ukweli juu ya upepo, na ukweli huo ndio unaouhitaji kuliko samaki.

Ufukoni

Kwa jamaa wenye watoto, nashauri mvue mkiwa juu ya mawe ya ufukoni, wala msiingie majini. Midomo ya mito na mahali penye matete mpaepuke, hasa alfajiri na jioni, maana huko ndiko waliko mamba na viboko. Hifadhi ya Taifa ya Rusizi si mahali pa kuvua. Nani kati yetu hajasikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa aliyevuma hata ng'ambo? Lakini asiwepo mtu wa kudhani kwamba hatari ni yeye tu. Kiboko atokaye majini jioni kula majani hana sifa kama hiyo, nawe ukimzibia njia ya kurudi majini hatakuonya.

Ikiwa lazima kupanda mtumbwi, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, mtoto kwanza. Jaketi likikosekana, safari ya majini imekosekana. Hakuna cha "tutakaa katikati" wala "mimi najua kuogelea". Usiku msisafiri majini kabisa. Sababu yake nimekwisha kuieleza.

Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika mwambao wa Bujumbura na Rumonge. Chukueni maji yenu yaliyochemshwa, na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Maji yaliyotulia penye majani huwa na konokono waenezao kichocho. Watoto wasichezee humo. Na kwa usiku, chandarua kiwemo ndani ya mzigo, kwa kazi yake halisi.

Kurudi na samaki

Samaki wa mtu wa basi lazima awe na adabu. Mpasue na kumtoa matumbo mara tu anapotoka majini, mwoshe, mpake chumvi ndani na nje, mfunge kwa majani ya mgomba, kisha umtie ndooni na kubana kifuniko. Abiria mwenzako asijue umebeba nini mpaka umwambie. Ukipita Rumonge, nchi ya michikichi, mama watoto atataka mawese, naye ana haki. Dumu lifungwe kwa nailoni chini ya kifuniko na lisimamishwe kati ya miguu yako. Mafuta yakimwagika juu ya nguo za jirani, nauli yako yote itaishia kwenye sabuni yake.

Na ikiwa samaki wamekataa kula? Nunua ndagala wakavu, urudi kwa saa yako. Hakuna aibu. Watoto watawala kwa ugali, na kazini utakuwapo.

Karatasi ya mezani

Jambo la mwisho ni dogo, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Ile karatasi ya hesabu iandikwe mara mbili. Moja chukua, nyingine iache nyumbani mezani au kwa jirani. Iseme mwalo mnaokwenda, mnalala kwa nani, saa ya kukunja mshipi, na saa ya kufika. Chini yake iandikwe: "Tukikosa basi tutalala, tutakuja na basi la kwanza. Majini hatupandi." Simu huzimika, mtandao hupotea nyuma ya milima, lakini karatasi hukaa palepale ulipoiweka. Na askari amwarifu mkubwa wake mahali anapokwenda kabla ya kuondoka. Mwenye kuchelewa akiwa amekwisha kuaga huulizwa, asiyeaga hutafutwa.

Mimi na jamaa yangu tulipitisha mwaka mzima bila kuvua. Kisha siku moja mke wangu mwenyewe ndiye aliyeitoa ndoo, akaiweka mbele yangu pamoja na karatasi na kalamu. Tulikwenda Magara, yeye, mimi, watoto, na shemeji. Samaki walikuwa wachache. Ilipobaki dakika 5 kufika saa 6, mshipi wa binti yangu ukatikisika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha ukalegea. Akaniambia, "Baba, ngoja kidogo, atarudi."

Sikumjibu upesi. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa akitazama ziwa. Kisha nikaushika mshipi pamoja naye, tukaukunja wote wawili juu ya ubao wake, polepole, mpaka ndoana ikatoka majini tupu. Alilia kidogo njiani, akalala basini. Saa 11 na robo tulikuwa nyumbani, na ngege watatu wadogo na ndagala wa kununua. Mke wangu akaifungua ndoo, akatazama ndani, akacheka, akaenda kuwasha moto.

Juma lijalo, mkituandikia, tutaeleza namna ya kuwakausha na kuwahifadhi ndagala ili wapite msimu wa mbalamwezi bila kuoza. Safari njema, na kurudi kwema.